Barua ya mwaliko haikurudishi nyumbani: usinunue tiketi bado

Mkuu, simama hapo hapo. Umealikwa kongamano la kupinga utumikishaji wa watoto, nje ya nchi unayoishi, ukauliza kuhusu usajili, nauli, hotuba ya dakika tano, na mwishoni kabisa, kama jambo dogo, ukatupia kwamba kibali chako cha ukaazi kiko kwenye foleni ya kuhuishwa na waandaaji wamesema barua ya mwaliko "inatosha". Inatosha kujipepea ukumbini, labda.

Hao watu wa mialiko wananipandisha presha. Wanawaza mlango mmoja tu, wa kuingilia nchi ya kongamano. Wewe unayeishi ugenini una milango miwili, na barua yao haina neno hata moja kuhusu ule wa kurudia. Ukikwama hawapokei simu. Wako bize kupanga viti. Somo hili nimelilipia, tena bila punguzo.

Shida iko hivi: nchi nyingi hushughulikia ombi la kuhuisha kibali kwa sharti kwamba uko ndani. Uingereza, ukitoka kabla ya uamuzi, ombi huhesabiwa kuwa umeliondoa mwenyewe, na ada imekwenda. Marekani, aliyeomba ukaazi wa kudumu akiwa humo humo akatoka bila kibali cha awali cha kusafiri, kwa kawaida ombi lake huhesabiwa limetelekezwa. Mwanafunzi wa huko ambaye viza yake imeisha anaweza kuendelea kusoma kihalali kabisa, ila akishatoka, mara nyingi hana budi kupanga foleni ubalozini upya. Kwa nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, risiti ya ombi inayokubalika kule unakoishi inaweza kukataliwa ukitua kwanza nchi nyingine ya ukanda huo huo.

Na usidhani utapata nafasi ya kujieleza kwa afisa uhamiaji. Shirika la ndege hutozwa faini likimbeba abiria asiye na hati kamili, kwa hiyo anayekukatalia ni mhudumu wa kaunta, na yeye hasikilizi hadithi.

Kwa hiyo, kabla ya kujibu mwaliko: iandikie mamlaka ya uhamiaji ya unakoishi, kwa maandishi, si kwa simu, uulize kama unaruhusiwa kutoka na kurudi ombi likiwa halijaamuliwa, na kwa hati ipi. Hati hiyo iwe mkononi, si "inashughulikiwa". Halafu ndipo viza ya kongamano, ambayo kwa kawaida utaiombea ubalozi wa nchi unayoishi, na wao watataka kibali kinachovuka tarehe ya kurudi. Umeona? Kibali kilichoisha kinakuangusha hata kwenye mlango wa kwanza. Angalia pia viza ya kupitia pale unapobadilisha ndege, na chanjo ya homa ya manjano kama inatakiwa. Cheti chake huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanjwa juzi hakukusaidii.

Usajili: makongamano ya utumikishaji wa watoto yanayohusiana na ILO, Shirika la Kazi Duniani, kama lile la Durban, Afrika Kusini, 2022, hukaa kwa pande tatu, yaani serikali, waajiri na wafanyakazi. Pitia chama au asasi yako, usijiandikishe kama mpita njia. Kwenye hotuba, achana na ile milioni 160 ya watoto wanaotumikishwa, hiyo ni ya 2020. Makadirio ya 2024 ni milioni 138, kati yao milioni 54 wako kwenye kazi hatarishi. Na mtoto anayeosha vyombo baada ya shule usimhesabu humo, utachekwa.

Hati ya kurudi isipotoka kwa wakati, waombe uzungumze kwa video. Dakika tano ni zile zile, na unalala kitandani kwako.

Sasa niambie: kibali kinaisha tarehe ngapi, na uko nchi gani? Namba ya pasipoti usiweke hapa, tafadhali, maana nawajua.