Ukoko wa motere: chupa ya dawa haiufikii

Toyota Noah yangu ya 2004 inatetemeka asubuhi. Nimetia chupa tatu za dawa ya kusafisha katika tangi, bado. Niongeze? (Kampemba, Lubumbashi)

Usiongeze. Swali hili linarudi kila wiki, mama, na pesa zinazidi kumwagwa tangini. Motere ya D-4, kama ya Noah yako, inarusha esansi (petroli) ndani ya silinda moja kwa moja. Haipiti juu ya supapu za kuingiza hewa kama zamani. Dawa itasafisha ncha za enjekta zinazoirusha, supapu haitazigusa kamwe. Kinachozichafua ni mvuke wa mafuta ya motere unaorudishwa kuchomwa, pamoja na moshi wa EGR, njia inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya motere. Vinagandia kwenye chuma cha moto na kuungua. Mwezi uliopita nilifungua Noah kama yako: ukoko mweusi, mgumu, kama wa sufuria ya bukari (ugali) iliyosahaulika jikoni, na shingo ya supapu imevimba kwa ukoko huo. Hapo ni kuloweka, kusugua kwa brashi na kufyonza uchafu. Supapu za silinda inayosafishwa lazima ziwe zimefungwa, la sivyo vipande vitaanguka ndani. Fundi asiyezungusha kranki kwanza ili zifunge, mzuie.

Nabadilisha mafuta kila kilometa 15,000, kama kitabu kinavyosema. Ni kosa? (Katuba)

Kwa vumbi letu jekundu na foleni za mjini, ndiyo. Mimi nabadilisha kila 5,000. Tumia sintetiki ya kiwango kilichoandikwa kitabuni, wala si yale ya kupimiwa kwenye chupa ya maji kando ya barabara. Filta ya hewa nayo itazame.

Fundi anataka kuziba EGR. (Ruashi)

Mvuke wa mafuta utaendelea kuja. Mwambie akague kwanza valvu ya mvuke huo.

Natoka nyumbani hadi kazini, dakika 10 tu. Safari ya Likasi inasaidia? (Kenya, Lubumbashi)

Inasaidia kuzuia: katika kilometa 120 motere inapata moto wa kutosha, maji na esansi vilivyoingia kwenye mafuta vinakauka. Ukoko uliokwisha kuungua hautoki kwa mwendo. Na acheni kuwasha motere nusu saa mkingojea watoto shuleni.

Ninunue ipi? (Kampemba)

Yenye enjekta za aina mbili, kama D-4S ambayo Toyota ilianza kuitoa 2005: esansi nyingine hupita juu ya supapu na kuziosha. Ukienda kuitazama, shika motere kwa mkono kabla haijawashwa. Ukiikuta ina joto, rudi kesho asubuhi: mtetemo huonekana motere ikiwa baridi.