Muulize Fundi: Je, baruti inaweza kukata nondo?

*Mbukwenyi, mzee wetu. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Chang'ombe, Dodoma. Mwezi uliopita nilipeleka mageti kwenye jengo moja kule Mtumba, nikawakuta jamaa wanapigilia vyuma kwenye zege kwa bunduki ya misumari inayotumia baruti. Paa! Msumari umezama. Tangu siku hiyo kijana wangu wa kazi hanipi usingizi. Anasema tutafute bomba nene, patasi na baruti kidogo, tuwe tunakata nondo za milimita 16 bila kungoja umeme urudi. Je, kitu cha namna hiyo kimewahi kuwepo, au anaota? Msomaji, Chang'ombe.*

Mwanangu, kijana wako haoti. Kitu hicho kipo, na kina miaka zaidi ya themanini. Ila hilo bomba asilitengeneze. Sababu nitaieleza, lakini kwanza nataka akili yake ishibe, maana kijana mwenye swali kama hili ukimkataza bila kumweleza atakwenda kujaribu nyuma ya nyumba.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, miji ya Uingereza ililindwa kwa maputo makubwa yaliyofungwa kwa kamba za chuma, ili ndege ya adui ikishuka chini ijikate mabawa. Marubani wa Uingereza nao waliogopa kukutana na kamba kama hizo huko waendako. James Martin, mhandisi mzaliwa wa Ireland, akabuni kifaa kidogo cha kuficha kwenye ukingo wa mbele wa bawa. Bawa likigonga kamba, kamba inateleza kufuata ukingo hadi inaingia kinywani mwa kifaa na kugusa kifyatuo. Kirisasi, yaani kikopo kidogo chenye baruti, kinalipuka, patasi inaruka mbele, kamba inabanwa kati ya patasi na fuawe, inakatika. Soma tena hapo: patasi na fuawe. Ni vyombo vya mhunzi yeyote wa zamani, nyundo tu ndiyo iliyobadilishwa. Kampuni ya Martin, Martin-Baker, baadaye ilijulikana zaidi kwa viti vinavyomrusha rubani nje ya ndege, navyo husukumwa na baruti vilevile.

Baharini, meli za kufagia mabomu zilikokota kamba ndefu zenye vikatio vya aina hiyohiyo. Mnyororo uliolishikilia bomu la majini ukinasa kinywani, baruti inasukuma patasi na bomu linaelea juu lionekane. Na tarehe 18 Februari 2021, gari la Perseverance lenye kilo 1,025 liliposhushwa kwenye sayari ya Mirihi, lilikuwa linaning'inia kwa kamba za nailoni chini ya chombo chenye roketi. Magurudumu yalipogusa ardhi, visu vilivyosukumwa na baruti vilikata kamba zile, chombo kikaenda kuanguka mbali. Kama kamba zisingekatika pale pale, safari yote ingeharibika, na hakuna mkono wa mtu kule wa kurudia kazi.

Sasa mwambie kijana wako atazame vifaa hivyo vitatu vinafanana wapi. Kila kimoja kinakata mara moja tu, kwenye nafasi ambayo haitarudi.

Kuna jambo nililichelewa sana kulijua, na nilipolijua lilinibadilisha. Sisi tunadhani baruti ina nguvu nyingi. Haina! Kilo moja ya TNT, baruti kali ya mabomu, ikilipuka hutoa megajuli 4 na kitu. Kilo moja ya unga wa uwele, huu tunaosongea ugali, ukiungua wote hutoa kama 15. Petroli inapita 40. Unga na petroli huazima oksijeni hewani, kwa hiyo vinaungua kadiri hewa inavyovifikia. Baruti imebeba oksijeni yake ndani, haimngoji mtu. Inatoa kile kidogo ilichonacho papo hapo.

Kasi hiyo inasaidia nini kwenye kukata? Mfikirie mtu anayefyeka majani. Jani halijashikwa na chochote. Ukilisukuma kwa fyekeo polepole linainama na kukukwepa, ukipiga kwa kasi linakatika kabla halijapata muda wa kukimbia. Kamba ya puto iliyo hewani ni jani. Kamba ya nailoni kule Mirihi ni jani. Lakini nondo yako ya milimita 16 umeilaza mezani, fuawe iko chini yake, haina pa kukimbilia. Haihitaji kasi. Inahitaji mkono mrefu tu. Kwa hiyo mnunulie mkasi wa nondo wa kufunga mezani, mpini wake uongezwe bomba, au ule wa pampu ya oili. Utakata kutwa nzima bila umeme na bila kirisasi hata kimoja.

Na hilo bomba? Moshi wa baruti ukizaliwa ndani ya bomba unatafuta upande dhaifu. Patasi ikikwama kidogo, upande dhaifu ni mshono wako wa kuchomelea, na mshono huo hata uwe mzuri namna gani hukuwahi kuupima kwa shinikizo la namna ile. Bunduki ya misumari mliyoiona Mtumba ina mambo ambayo macho hayayaoni. Haifyatuki mpaka mdomo wake ukandamizwe ukutani. Zile za siku hizi zina pistoni inayousukuma msumari kisha ikazuiwa isitoke. Virisasi vyake vina rangi kufuata ukali: kijivu, kahawia, kijani, njano, nyekundu, zambarau, kuanzia dhaifu kwenda vikali. Fundi huanza na dhaifu, anapanda.

Mimi niliitumia ile ya zamani isiyo na pistoni, nikiwa na miaka 31, kwenye jengo ambalo msimamizi alitupa kazi bila vizibo vya masikio na bila kutueleza ukuta umejengwa kwa kitu gani. Nikachukua kirisasi kikali kwa haraka ya kumaliza. Ukuta ulikuwa wa tofali la tundu. Msumari ulipita, ukatokea chumba cha pili, ukagonga mlango pale mwenzangu alipokuwa amesimama kabla ya kuinama kuokota koleo. Alisimama akanitazama, hakusema neno. Sikio langu la kushoto linalia kama nyenje hadi leo, lakini ninalolikumbuka usiku ni uso wake.

Tena, kuwa na baruti bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Baruti ya 1963. Kijana wako anapenda kazi. Usimwachie aipoteze mikono.

*Shikamoo fundi. Mwalimu wetu wa ufundi alisema hata chenso inakata mti kwa nguvu ya mlipuko. Wenzangu wanabisha. Msomaji, Manyoni.*

Marahaba. Mwalimu wako yuko karibu sana na ukweli. Ndani ya silinda petroli na hewa vinaungua haraka, moto ukisafiri kutoka kwenye plagi, pistoni inasukumwa. Ikilipuka kwa ghafla kweli, injini inagonga na pistoni inaharibika. Chenso ikiwa na mizunguko 10,000 kwa dakika, hiyo ni miwako zaidi ya 160 kila sekunde, kwa kuwa injini yake inawaka kila mzunguko.

Mtu wa kwanza kukumbukwa hapa ni Christiaan Huygens wa Uholanzi. Mwaka 1673 alijaribu kuendesha pistoni kwa baruti. Ilisukuma hewa nje ya silinda, moshi ulipopoa hewa ya nje ikairudisha pistoni chini na kuinua mzigo. Tatizo lilikuwa kulisha baruti upya kila mara. Petroli iliondoa tatizo hilo, maana inaingia yenyewe na hewa. Mwaka 1927 Emil Lerp alijaribu msumeno wa petroli kwenye mlima Dolmar, Ujerumani. Ulikuwa na kilo kama 58, ukibebwa na watu wawili. Wabishi wako wakibeba wa leo begani, wamkumbuke.

*Fundi, nimeletewa gari la haibridi, la petroli na umeme, lililogongwa mbele. Betri kubwa ni nzima, waya ni mzima, lakini umeme haufiki. Msomaji, Kibaigwa.*

Kabla hujafungua kitu kingine, tafuta kikatio cha baruti. Magari mengi mapya ya umeme na haibridi yanacho. Ajali ikitokea, kompyuta ileile inayofyatua mifuko ya hewa inalipua kirisasi kidogo, kisu kinakata kipande cha shaba, umeme wa betri kubwa unatengwa ili waokoaji wasidhurike. Kikishakata hakitengenezwi. Kinabadilishwa kizima, baada ya kujua kwa nini kilifyatuka. Nakuomba sana usikirukie kwa waya.

Na mfuko wa hewa ambao haujafyatuka usiupime kwa mita ya kawaida, umeme mdogo wa mita unaweza kuufyatua usoni mwako. Tenganisha betri, ngoja muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari hilo, ndipo uingize mkono.