"Haiwezekani" ina kufuli, "haijawezekana" ina subira

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia. Katika makala ya wanafunzi niliandika: "Kuzalisha umeme kwa kuunganisha viini vya atomu haiwezekani kwa sasa." Mhariri akafuta "kwa sasa", akaandika "haijawezekana". Je, amenisahihisha au amenibadilishia maana?

JIBU: Amekubadilishia maana, na nadhani amekusogeza karibu zaidi na ulichotaka kusema.

"Haiwezekani" husomeka kama kanuni: haiwezekani nusu ya chungwa izidi chungwa zima. Ukishatamka hivyo, "kwa sasa" inakuwa kulegeza fundo ulilolikaza mwenyewe. Linganisha na "haipatikani". Ni ukanushi uleule, lakini ukiambiwa namba unayopiga haipatikani, unajua utaipiga tena jioni. Uzito umo katika kitenzi chenyewe.

Sasa "-ja-". Mtu akiulizwa "Umeoa?" akajibu "Hapana", amefunga mazungumzo. Akijibu "Bado", shangazi zake wanaanza kutafuta mchumba. "Sijaoa" imo upande wa "bado": jambo halijatokea, ila linatazamiwa. Ndiyo maana kusema "Babu hajafa" huleta ukimya sebuleni. Sema yu hai.

Kwa hiyo mhariri amekutia matarajio mdomoni. Je, yana msingi? Naona yanao. Mwanafizikia Hans Bethe alieleza mwaka 1939 jinsi nyota zinavyopata nishati kwa kuungana kwa viini, na bomu la haidrojeni lililipuliwa mwaka 1952. Tarehe 5 Desemba 2022, katika maabara ya Lawrence Livermore huko California, leza zilipeleka megajuli 2.05 za nishati kwenye kidonge cha haidrojeni, zikatoka megajuli 3.15. Lakini kuziwasha leza hizo kulikula takriban megajuli 300 za umeme. Basi kuunganisha viini kumewezekana zamani. Kupata umeme wa kuwashia taa ndiko bado. Nisingetumia "-ja-" kwa mashine inayojiendesha milele bila nishati. Hiyo haiwezekani, nukta.

Wengine wangeandika "ingewezekana". Ni sahihi, mradi utaje sharti: ingewezekana kama tungeweza kuutunza moto wa viini vinavyoungana, wenye joto la zaidi ya nyuzi milioni 100, bila kugusa kuta za tanuri. Sarufi za shule husema "ingaliwezekana" ni ya nafasi iliyokwisha kupotea. Mitaani tofauti hiyo imefifia, lakini katika maandishi ya sayansi ningeilinda.

Kuna jambo ambalo nyote wawili mmelipita. Kiima cha sentensi yako ni "kuzalisha", ngeli ya KU, hivyo ilipasa kuwa "hakujawezekana". Likikukwaza ulimi, geuza kiima: "Umeme wa kuunganisha viini haujapatikana."