Wasomaji Wauliza: Nani Hutunuku Shahada Siku ya Mahafali?

Msimu wa mahafali umekaribia, na barua nyingi zilizotufikia mwezi huu kutoka Moshi na Arusha zinahusu sherehe hizo. Tumechagua tatu.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mwanangu anahitimu mwaka huu katika chuo kikuu kishiriki kilicho hapa Moshi. Kadi ya mwaliko inasema shahada zitatunukiwa na Mkuu wa chuo kikuu mama, ambaye hata hakai mkoani kwetu, na kwamba atakuwepo pia mgeni rasmi. Mimi nilidhani mgeni rasmi ndiye anayewatunuku vijana. Naomba kueleweshwa, na pia kwa nini cheti kiwe na jina la chuo ambacho mwanangu hakukikanyaga.
Mama wa mhitimu, Kiboroloni

JIBU: Hongera sana, mama. Chuo kikuu kishiriki hufundisha na kusahihisha mitihani, lakini mamlaka ya kutoa shahada yamo mikononi mwa chuo kikuu mama, ambacho seneti yake ndiyo huidhinisha matokeo kabla ya jina lolote kusomwa uwanjani. Moshi inaufahamu utaratibu huo vizuri. Chuo cha Ushirika, kilichoanzishwa mwaka 1963, kilipandishwa hadhi mwaka 2004 kuwa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na kikabaki hivyo mpaka mwaka 2014 kilipokuwa chuo kikuu kinachojitegemea. Mwenge nacho kilianza kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Mwanza. Hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961, kikiwa na wanafunzi 13 wa sheria, kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Kisha mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na kusimama chenyewe mwaka 1970. Kwa hiyo jina lililo juu ya cheti cha mwanao halipunguzi chochote.

Huyo Mkuu wa Chuo si mtu wa kukaa ofisini kila siku; uendeshaji ni kazi ya Makamu Mkuu wa Chuo na wasaidizi wake. Katika vyuo vikuu vya umma huteuliwa na Rais, na katika vyuo vya mashirika ya dini hupatikana kwa namna inayoelezwa katika hati idhini ya chuo husika. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2016 nafasi hiyo alipewa Rais mstaafu Jakaya Kikwete. Siku ya mahafali, wahitimu husimama kwa makundi kadiri programu zao zinavyotajwa, mkuu wa kitivo akawawasilisha, na Mkuu wa Chuo akatamka kwamba amewatunuku; hapo ndipo kijana anapokuwa mhitimu. Mgeni rasmi anaweza kuzungumza saa nzima na asimfanye mtu yeyote kuwa mhitimu. Mfano ulio wazi ni wa tarehe 30 Novemba 2022, ambapo Rais Samia Suluhu Hassan alitunukiwa udaktari wa heshima na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: ingawa yeye ndiye mkubwa wa nchi, aliyemtunuku alikuwa Mkuu wa Chuo, Dkt. Kikwete. Pengine unakanganywa na vyuo ambavyo Mkuu wa Chuo mwenyewe hutajwa kuwa mgeni rasmi, jambo ambalo ni halali kabisa.

SWALI: Mwaka jana nilihudhuria mahafali ya dada yangu. Hotuba ya mgeni rasmi ilikuwa ndefu, na sehemu kubwa ilikuwa salamu na ahadi za barabara. Kwa nini vyuo visialike watu wenye jambo la kutuambia?
Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Usa River

JIBU: Lawama hii, kijana wetu, usimbebeshe mgeni peke yake. Kabla hajasimama, chuo humsomea risala yenye maombi ya bweni, maji, uzio na barabara ya lami, na mtu aliyeombwa mambo hayo mbele ya umati hawezi kukaa kimya juu yake. Hotuba inageuka kuwa majibu ya risala, na wahitimu waliovaa majoho wanakuwa watazamaji wa mazungumzo kati ya chuo na serikali. Maoni yetu ni kwamba maombi hayo yapelekwe kwa barua wiki kadhaa mapema na kujibiwa kwa barua, ili siku yenyewe mgeni aombwe kuzungumzia jambo moja tu analolijua kwa undani. Kwa wahitimu wa ushirika, kwa mfano, mtu aliyeshughulika na mnada wa kahawa wa Moshi kwa miaka mingi angekuwa na mengi ya kuwafaa, hata kama hana cheo serikalini. (Kuhusu salamu, “itifaki imezingatiwa” ni maneno yaliyokusudiwa kuokoa muda; siku hizi husemwa baada ya kila mtu kutajwa.)

Viongozi nao wanaweza kusema jambo zito. Tarehe 5 Juni 1947, George Marshall, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alikwenda Harvard kupokea shahada ya heshima, na katika hotuba fupi akaeleza jinsi Ulaya ilivyoharibiwa na vita na haja ya kuisaidia kujijenga. Mpango uliotokana na hotuba hiyo ukapitishwa na Bunge la nchi yake mwaka uliofuata. Tarehe 10 Juni 1963, Rais Kennedy alitangaza katika mahafali ya American University, Washington, kwamba mazungumzo ya kuzuia majaribio ya silaha za nyuklia yangefanyika Moscow, na mkataba ukatiwa saini Agosti 5 mwaka huohuo. Wote wawili walifika wakiwa na neno jipya, na hawakuwa wamesomewa orodha ya mahitaji ya chuo.

SWALI: Nimeajiriwa Longido na sitapata ruhusa siku ya mahafali. Je, nitahesabiwa kuwa nimehitimu?
Msomaji, Longido

JIBU: Ndiyo. Shahada hutunukiwa hata kwa asiyekuwepo, mradi seneti imeidhinisha matokeo yako. Hakikisha tu umekamilisha fomu ya kuthibitisha kwamba hudaiwi ada wala vitabu vya maktaba. Ukitaka kumtuma ndugu akuchukulie cheti, kiulize chuo kwanza, kwa sababu vipo vinavyodai barua ya idhini na nakala ya kitambulisho chako, na vipo visivyomkabidhi mtu mwingine kabisa.