Fundi kaacha kazi njiani: yangu ya Uyole iliisha hivi

Mkuu, umesema fundi kakuachia marumaru nusu sebule huko Kihesa, keshakula zaidi ya nusu ya hela, simu inaita hapokei, na unataka umpeleke polisi. Polisi ngoja kwanza. Mimi nilianzia huko huko. Askari wa zamu akanisikiliza vizuri, kisha akasema, "Kaka, hapa una madai, huna jinai. Mtu alikuja, akafanya kazi, akaiacha. Nenda kwa mwenyekiti wako wa mtaa." Nilitoka nimenuna, ila alikuwa sahihi.

Yangu ilikuwa Uyole, Mbeya, mwezi wa kumi, naongeza vyumba viwili na baraza. Tulipatana ufundi 1,400,000: kupaua, kuezeka, fisha bodi (ule ubao wa ukingoni mwa paa) na dari. Hadi anapotea alikuwa kachukua 1,000,000, na juu yake nilimpa 380,000 akanunue mwenyewe mbao za dari, kisa uvivu wangu wa kwenda naye sokoni Mwanjelwa. Vyumba aliezeka. Baraza akaliacha kenchi tupu, yaani fremu ya mbao ya paa bila kuezekwa. Mvua za Novemba zikanikuta nimepigilia turubai kwa misumari na vifuniko vya soda. Upepo wa Uyole wanaujua waliolala Uyole: saa nane usiku turubai linapiga kama mgeni mwenye hasira, asubuhi unaokota vifuniko uani na turubai unalifuata kwa jirani.

Kosa langu la wiki tatu nzima lilikuwa hili: kila nikimpata hewani namwambia "rudisha hela yangu". Fundi hana hela yako! Ilishaenda kumalizia saiti ya mtu mwingine, au ada ya mtoto. Ukimdai hela anakukwepa. Mwambie "njoo tupime kazi" na atakuja, maana moyoni mwake anaamini kuna jasho lake hujalilipa.

Mwenyekiti akaandika barua ya wito, mjumbe wa kule anakoishi ndiye akampelekea. Usimpelekee wewe, mtaishia kutukanana mlangoni mbele ya watoto wake. Mkataba wa maandishi sikuwa nao. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, kazi ni kuyathibitisha, kwa hiyo nilikwenda na meseji zote za miamala na daftari langu. Nikaongozana na fundi mzee wa kupaua, ambaye nilimwambia mapema kabisa kwamba kazi iliyobaki hatapewa yeye. Hapo usifanye masihara. Ukimleta fundi anayeinyemelea kazi, atakwambia yule alikuwa fundi Maiko, yaani mbabaishaji, bomoa yote tuanze upya.

Tukahamia saiti, mwenyekiti naye yupo. Mzee akapanda, akavuta kamba toka kona hadi kona, akagonga papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, moja moja kwa nyundo, haongei. Aliposhuka akasema paa la vyumba halina neno, kazi iliyofanyika ni ya 850,000. Mbao za dari tulizozikuta chumbani zilikuwa 46, kwa bei ya 3,500 aliyonunulia ni 161,000. Kwa hiyo nilikuwa namdai 150,000 ya ufundi na 219,000 ya mbao, jumla 369,000.

Ndipo na yeye akafungua kinywa: "Baba, na kozi mbili za tofali nilizopandisha ukuta wa nyuma, mbona huzitaji?" Kweli bwana. Ukuta ulikuwa umelala upande mmoja, akaunyanyua bila kuniomba senti. Mzee akakadiria 70,000, nikakubali pale pale. Nadhani ni hiyo 70,000 iliyomaliza ugomvi kuliko barua ya mwenyekiti, kwa sababu baada ya hapo alianza kunitazama usoni. Likabaki deni la 299,000. Akachagua kulifanyia kazi: baraza na fisha bodi kwa 250,000, vifaa nanunua mimi, hela mkononi hapewi. Tukaandika, tukasaini, muhuri wa mtaa ukagongwa. Angekaidi wito ningefungua madai mahakama ya mwanzo, ambako kesi inaendeshwa kwa Kiswahili.

Alimaliza kwa siku sita. Dari nilimpa mtu mwingine, sikutaka kujaribu bahati mara mbili. Ile 49,000 iliyosalia aliilipa kidogo kidogo, na fungu la mwisho lilikuja kama ndoo mbili za viazi. Nikazipokea, ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa.

Kwako ni rahisi zaidi, marumaru zinahesabika. Gonga kila moja kwa sarafu: inayolia tupu, chini yake haina saruji ya kutosha, hiyo usiihesabu kama kazi iliyofanyika. Hesabu na zilizobaki kwenye maboksi, na piga picha zote leo, kabla fundi mwingine hajagusa hata kipande kimoja.