Kabla hujaliandika neno "vivid", tazama linaandamana na nini

Nilipoanza kutafsiri, kila nilipokutana na neno la Kiingereza "vivid" niliandika "angavu". Kamusi ilinipa jibu hilo nami nikaridhika nalo. Kisha nikapewa masimulizi ya mjane anayeikumbuka siku aliyofiwa, nikaandika kwamba ana "kumbukumbu angavu". Mhariri aliyazungushia maneno hayo kalamu nyekundu na pembeni akaandika: "Kumbukumbu ni kioo?"

Nililala na swali hilo. Kesho yake nilifuata asili ya neno lenyewe: linatoka katika Kilatini, "vividus", lenye mzizi mmoja na kitenzi "vivere", yaani kuishi. Kiini chake basi ni uhai. Nuru ni sura yake moja tu.

Kwenye rangi halina shida: sema rangi kali, rangi iliyokoza, au inayowaka, kutegemea unachokiona. Ila taa usiivishe neno hili. Taa yenye mwanga mwingi kwa Kiingereza ni "bright". Ukiiita "vivid", msomaji atajua hukuizoea lugha.

Kuwa makini zaidi linapokaa na "imagination", yaani uwezo wa kuwazia mambo. Mtoto aliyechora samaki mwenye magurudumu akiambiwa ana "vivid imagination", amesifiwa kweli, ana ubunifu. Mtu mzima aliyetoka kueleza kwa nini amechelewa akiambiwa maneno yaleyale, huenda anaambiwa kwa adabu kwamba anatunga. Hapo ukitafsiri kama sifa umegeuza maana yote, na mazungumzo yanayofuata hayataeleweka.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: usishikilie kutafuta kivumishi. Kiswahili mara nyingi hulibeba neno hili kwa kitenzi. Maelezo yanayoitwa "vivid" yanakujengea picha. Ndoto ya namna hiyo unaamka bado unaisikia sauti ya uliyekuwa ukizungumza naye. Nami hujiuliza kwanza, nani anaona hapa, na anaona nini?

Sentensi ya mjane niliiandika upya mara nne. "Anakumbuka vizuri" ilikuwa sahihi lakini baridi, kama ya shahidi mahakamani. Iliyochapishwa ilisema: "Siku ile bado anaiona." Baada yake vikafuata vile vilivyokuwamo tangu mwanzo katika Kiingereza chake, viatu vya mumewe mlangoni na kikombe alichokiacha nusu.