Mungu Kwanza, Hata Wiki ya Nguo za Sikukuu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Juzi binti mmoja anayefanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja huko Kiwengwa ameniandikia: "Dada, kila Jumapili niko zamu. Nampenda Mungu, lakini naona anapata makombo tu kwangu. Nifanyeje?" Nilimjibu kwa ufupi kwa sababu wateja walikuwa wamenizunguka. Leo nataka nimjibu sawasawa, na wengine msome, maana najua wengi tunatamani kitu kimoja: kazi nzuri, maisha yasonge, na Mungu asikosewe.

Kabla sijawa fundi cherehani nilikuwa natandika vyumba hotelini, pwani hiyo hiyo ya mashariki. Nilivuka kutoka Tanga kutafuta maisha, kama Wakristo wengi tuliopo Unguja. Msimu wa wageni ukishika, Julai na Agosti, hakuna Jumapili wala Jumatatu. Niliomba jambo dogo: nipewe asubuhi ya Jumapili moja, inayofuata nifanye kazi, na zamu za usiku wanipangie watakavyo. Msimamizi akanijibu kwamba kanisa halilipi mshahara. Mkataba ulipokwisha sikuongezewa. Waliongezewa wale niliowafundisha mimi kukunja mashuka. Sitasema haliniumi. Hadi leo daladala ikipita kwenye lango lile natazama upande wa pili.

Lakini kilichonichoma zaidi kilitoka kanisani. Dada mmoja tuliyekuwa tukiimba naye kwaya alisema mbele za watu kwamba najitia utakatifu, kwamba Mungu haangalii siku, anaangalia moyo. Kweli anaangalia moyo. Ila moyo unaopenda unajulikana kwa unakokwenda. Kijana mwenye mchumba mtaa wa Ng'ambo hawezi kumwambia kila wiki "nakupenda, nafasi tu sina," kisha akategemea kumwoa. Mungu tunamwambia hivyo mwaka mzima, na bado tunaomba atubariki.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya dhiki, tuiache. Nilipata cherehani iliyotumika, mama mmoja wa Kikwajuni akaniazima baraza yake, nami nikaandika mlangoni kwa chaki: Jumapili nafungua saa saba mchana. Watu walinishangaa. Fundi mgeni, hana jina, tayari anachagua saa.

Sasa anayeishi hapa anajua kumi la mwisho la Ramadhani linavyokuwa kwa fundi. Sokoni Darajani hapapitiki kwa wanunuzi wa vitambaa na lesi. Kila mtoto lazima apate nguo ya sikukuu, na kila mama anataka yake kesho. Pesa ya miezi inaingia kwa siku chache. Mwaka wangu wa kwanza, Jumapili iliangukia katikati ya pilikapilika hiyo. Jumamosi jioni akaja mama mmoja na vitambaa vya watoto wake wote, magauni na kanzu, akataka azichukue Jumapili mchana. Pesa alikuwa nayo mkononi, na mimi kodi ya chumba ilikuwa inanidai. Nikamwambia, "Mama, asubuhi ya kesho ni ya ibada. Nikirudi nakaa kwenye cherehani mpaka usiku wa manane, na Jumatatu asubuhi unazikuta zimepigwa pasi." Nilijua atachukua vitambaa vyake aondoke. Akanitazama, akasema, "Nenda kasali, mwanangu. Anayemwacha Mungu wake kwa ajili ya nguo zangu, na mimi ataniacha."

Jumatatu alizikuta. Mama yule ndiye aliyenileta kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na nikashona sare za wanafunzi wao za Maulidi. Mkristo kutoka Tanga, sare za Maulidi! Leo nina cherehani za umeme, na mlangoni bado pameandikwa saa saba. Nayasema haya kwa furaha yote, sioni haya.

Ndugu zangu, majirani zetu wanatufundisha kila wiki kama tuna macho. Ijumaa adhuhuri muuza duka anatupia kitambaa juu ya bidhaa zake, anakwenda msikitini, na hakuna anayemwita mvivu. Sisi wachache, tunaosema Mungu wetu ni upendo, ndio tunaoona aibu kuomba ruhusa ya saa mbili! Na tunaosali kanisa la Mkunazini, Mji Mkongwe, tunakanyaga ushahidi. Pale palikuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa hilo. Waliokombolewa utumwani wakapewa makazi Mbweni, hapa hapa Unguja, walianza upya bila ukoo wala mali, na kanisa lao la Mtakatifu Yohana limesimama mpaka leo. Watu wale walikuwa na kila sababu ya kusema kwanza tushibe, Mungu baadaye.

Yesu alipoulizwa amri iliyo kuu hakuanza na kazi wala sadaka. Alisema, "Mpende Bwana Mungu wako kwa moyo wako wote, na kwa roho yako yote, na kwa akili zako zote." Wote. Usimwekee Mungu aya kwenye status ya WhatsApp halafu siku nzima usimkumbuke mpaka mtoto augue.

Mimi siku yangu naianza na adhana ya alfajiri. Ikiita wenzangu, nami naamka, napiga magoti kabla sijashika simu. Simu ikitangulia, sala imekwisha, nimeliona hilo mara nyingi. Sadaka naitenga pesa ikiingia tu, kabla sijapiga hesabu ya uzi na umeme. Na mteja akinitukana kwa sababu ya zipu, namjibu kwa upole, maana huwezi kusema unampenda Mungu usiyemwona huku jirani unayemwona unamkaripia. Hapo bado napigana, hasa nikimkumbuka yule msimamizi. Namwombea kwa jina.

Na wewe mdogo wangu wa Kiwengwa, usianze kwa kugombana na wakubwa. Zungumza kwanza na wenzako wa zamu. Wenzako Waislamu wanahitaji Ijumaa adhuhuri na siku za Idi. Jitolee kuwashikia, tena kwa moyo, nao wakushikie Jumapili asubuhi, Krismasi na Pasaka. Kisha mwende pamoja kwa msimamizi na ratiba mkononi mkiwa mmeshapatana. Jumapili utakayokosa kabisa, tafuta Wakristo wenzako pale kwenye nyumba za wafanyakazi, msome sura moja na kuomba kabla ya zamu. Mungu yupo Kiwengwa pia. Ila usizoee kukosa.

Wakikataa yote hayo, nipigie. Pale barazani kuna cherehani moja haina mtu, na kazi ya kukata na kupiga pasi haijawahi kukosekana. Kushona utajifunza, na Jumapili asubuhi tutapanda daladala moja kwenda Mkunazini.